Moyo Uliobaki Mtini

Ziwa Kivu halina papa, na mamba nao hawamo. Anayetaka kuwasimulia watoto wa Goma, kando ya ziwa hilo, hadithi ya kima na papa atadhani hiyo ndiyo shida ya kwanza. Siyo.

Edward Steere aliichapa hadithi hii mwaka 1870 katika Swahili Tales, kama ilivyosimuliwa Unguja. Asili yake ni India: imo katika Panchatantra, na Wabudha wanayo katika Jataka. Karne ya 6 Panchatantra iliingia Uajemi, na karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaandika Kalila na Dimna kwa Kiarabu. Kila ilipotua ilibadili watu wake. Mamba wa India akawa kobe kwa Waarabu, kisha papa Unguja. Mti wa jambu, jamaa ya mzambarau, ukawa mkuyu. Mke aliyetamani moyo wa kima akaondolewa, akawekwa Sultani wa papa aliye mgonjwa.

Uongo wa kima haukuguswa: moyo wangu nimeuacha mtini, nirudishe nikauchukue.

Tazama unavyotegwa. Papa anayembeba kima kumpeleka kwao anafichua siri, kwamba moyo wa kima ndio dawa ya Sultani, wakiwa tayari katikati ya bahari. Kima hajibu mara moja. Kwanza anawaza kwamba amekwisha, labda uongo utamfaa. Kwa hiyo mtoto anajua kuwa ni uongo kabla haujatamkwa. Papa peke yake ndiye hajui, na mtoto tayari yuko upande wa kima, anaombea siri isivuje. Msimuliaji anayeruka wazo hilo akitaka kushtukiza watu huko mwishoni anajinyima utamu wote. Uongo wenyewe nao unaonekana kwa macho: moyo unaning'inia tawini. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuuchora.

Kima akishapanda mti, papa anamwita ashuke waende. Hapo ndipo kima anapomjibu kwa kisa cha punda wa dobi, aliyedanganywa na sungura aende kwa simba, akapigwa, akaponea chupuchupu, na bado akadanganyika mara ya pili. Sungura anakula moyo na masikio kwa siri, kisha anamwambia simba: angekuwa navyo, angerudi? Sungura anakwenda kumwita punda safari zote mbili, na marudio hayo hayafai kufupishwa, kwa kuwa safari ya pili watoto ndio wanaomkanya punda.

Goma ningemwacha papa awe papa. Kinachohitaji kueleweka ni maji yasiyo na pa kushukia, na watoto wanaoona boti za Bukavu zikiondoka bandarini wanayaelewa hayo bila maelezo. Mkuyu tu ndio ningeusogeza, matawi yake yainamie ziwa, juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo.