Kabari ya Njia Nne kwa Magogo ya Rungwe

Mlingoti ulioangushwa leo kwenye miteremko ya Rungwe umebeba maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kilo moja ya kuni zake ikitiwa tanurini katika hali hiyo hutoa joto la megajuli 8 hivi. Kuni zilizokauka mpaka maji yakabaki asilimia 20 hutoa megajuli 14 kwa kilo. Kwa hiyo anayechoma kuni mbichi anatia tanurini karibu mara mbili ya kilo anazozihitaji, na hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, hakuna jua la kumwokoa. Mvua hapa hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na miezi ya baridi ina ukungu wake. Gogo zima lenye gamba huanza kuoza kabla halijakauka, kwa kuwa gamba huyafungia maji ndani. Lipasue vipande vinne, na kila kipande kinapata nyuso mbili mpya za kupumulia.

Hilo lina uzito katika wilaya ya chai. Zao hili liko Rungwe tangu Wajerumani walipolipanda Kyimbila mwaka 1904. Jani bichi linaingia kiwandani likiwa na maji robo tatu au zaidi, na linatakiwa kutoka likiwa na asilimia 3 hivi. Viwanda vya Katumba na Mwakaleli hukausha majani hayo kwa joto la kuni. Mashine ya haidroli ya kupasulia magogo ina kazi ya kutosha hapa, na sehemu inayoamua kama itafaa ni kabari yake.

Kabari ya ubapa mmoja hutaka misukumo mitatu ili gogo liwe vipande vinne: mmoja wa kuligawa, miwili ya kuzigawa nusu. Kabari ya njia nne, yenye ubapa wa wima na mabawa mawili ya ulalo, huimaliza kazi kwa msukumo mmoja. Tuchukue mashine yenye silinda ya kipenyo cha milimita 100 na pampu ya lita 20 kwa dakika. Fimbo yake itatembea sentimita 60 kwa sekunde 14 hivi, kabla ya kuhesabu muda wa kurudi na wa kulipanga gogo upya. Ukiondoa misukumo miwili kwa kila gogo, siku nzima ya kazi inabadilika.

Wasiwasi wa kwanza wa fundi ni nguvu. Kwa presha ya bar 200, silinda hiyo husukuma kwa tani 16. Je, kabari ya njia nne itahitaji mara nne ya nguvu za ubapa mmoja? Haihitaji, mradi umbo lake liheshimu tabia ya mti. Mti hauliwi na makali ya kabari kama mkate kwa kisu. Ubapa ukishaingia sentimita chache, ufa hutangulia mbele yake, nyuzi zinachanika zenyewe, na kuanzia hapo makali hayagusi tena chochote. Kinachofanya kazi ni mashavu ya kabari yanayopanua ufa. Nguvu kubwa kabisa hutakiwa pale mwanzoni, kabla ufa haujafunguka.

Kwa sababu hiyo mabawa hayatakiwi kuanza pamoja na ubapa wa wima. Yarudishe nyuma milimita 60 hivi. Ubapa unalipasua gogo kwanza, presha inapanda kisha inashuka, na mabawa yanaingia wakati kilele cha kwanza kimeshapita. Makali yote yakipangwa kwenye mstari mmoja, vilele vinajumlishwa. Pampu italia, vali ya kuachia presha itafunguka, na gogo litabaki limenasa katikati. Nadhani mashine nyingi zinazosemwa hazina nguvu zina kosa hili tu.

Kosa la pili ni la nyuma. Kila moja ya njia nne lazima izidi kupanuka kuelekea mkiani. Bawa lililonenepa nyuma, au mbavu ya kuimarisha iliyowekwa ovyo kwenye kona, huibana njia, na kipande kilichokwisha kupasuka kinagoma kutoka. Pua ya ubapa wa wima iwe na pembe ya nyuzi 30 hivi kwa jumla. Makali yaachwe na unene wa milimita 2, maana makali ya wembe yatajikunja kwenye kifundo cha kwanza.

Sasa chuma. Barabara ya Uyole hadi Kasumulu hupitisha malori mengi, na springi kuukuu za malori hazikosekani. Ni chuma kigumu na cha bei ndogo, ambacho wahunzi wamekitumia miaka mingi kutengeneza mapanga. Kishawishi cha kukichomelea kabari ni kikubwa, na mimi nashauri kwa nguvu zote kiachwe. Springi ina kaboni ya asilimia 0.6 hivi. Ukiichomelea, ukanda wa chuma ulio kando ya mshono hupata joto jekundu kisha hupozwa ghafla na bamba baridi linalouzunguka, na hapo unakuwa mgumu na mwepesi kuvunjika. Ongeza haidrojeni inayotokana na unyevu wa kijiti cha kuchomelea, na ufa unaweza kujitokeza kesho yake wakati hakuna aliyegusa kitu. Mhunzi wa mapanga hapati taabu hii kwa sababu yeye hufua tu, hachomelei.

Na unyevu ndio hali ya hewa ya Tukuyu. Vijiti vya E7018, vilivyobuniwa kupunguza haidrojeni, hunyonya maji ya hewani upesi pakiti ikishafunguliwa, na kuvirudisha hali yake kunataka tanuri la nyuzi 300 hadi 350 za Selsiasi kwa saa nzima au zaidi. Tena huwaka vibaya kwenye mashine za transfoma zinazotoa volti ndogo kabla cheche haijashika. Vijiti vya E6013, vilivyo kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, huwaka vizuri kwenye mashine hizo na huvumilia unyevu kiasi. Vina haidrojeni zaidi, lakini kwenye chuma laini, na bamba likipashwa moto, vinaaminika. Kwa hiyo mpangilio wa kufikiri ugeuzwe: anza na kijiti unachoweza kukichoma vizuri, kisha chagua chuma kinachokubaliana nacho. Bamba la chuma laini la milimita 25 kwa ubapa wa wima na milimita 20 kwa mabawa linatosha. Tumeona kwamba makali hufanya kazi muda mfupi tu, hivyo ugumu wa springi ungetusaidia kidogo sana. Anayetaka makali yadumu aweke juu yake mstari mmoja wa vijiti vya kuongeza ugumu, mbele peke yake.

Udhaifu halisi uko kwenye shina la bawa. Chukua bawa lililojitokeza milimita 150, upana wake kufuata mwendo wa gogo milimita 150, unene 20. Gogo likilisukuma kwa tani 3 kuelekea nyuma, shina linatumia asilimia 12 tu ya uwezo wake kabla ya kupinda. Tani hizohizo zikilikandamiza bawa katikati kutoka juu, kwa sababu kipande cha juu ni kinene kuliko cha chini, shina linafika asilimia 90. Yaani bawa ni imara pale linaposukumwa, na ni dhaifu pale linapoonewa upande mmoja.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kutochomelea vipande viwili vya bawa kila kimoja upande wake. Kata mwanya kwenye sehemu ya nyuma ya ubapa wa wima, upitishe bamba moja zima kutoka ncha hadi ncha, kisha ndipo uchomelee. Hapo mzigo wa bawa moja unapokelewa na chuma chenyewe, mshono unabaki msaidizi. Ya pili ni kuyaweka mabawa kwenye ala ya chuma inayopanda na kushuka juu ya ubapa, ili kitovu cha msalaba kilingane na kitovu cha gogo. Mabawa yaliyo milimita 100 juu ya boriti inayobeba gogo yanalifaa gogo la milimita 200; gogo nene zaidi litayaonea, yasipopandishwa. Ala ikichaguliwa, mwanya na bamba moja vinahamia kwenye ala hiyo, na ubapa unabaki mzima.

Katika kuchomelea, chonga kingo za maungio kwa nyuzi 45 pande zote mbili, ili mshono ujae mpaka ndani. Mshono wa pembeni peke yake kwenye bamba la milimita 20 ni ngozi tu. Pasha bamba moto mpaka nyuzi 100 hivi, kwa gesi au kwa makaa, hata kama halionekani limelowa. Asubuhi za Tukuyu chuma hutoka jasho. Shikiza kwa nukta, pima kwa skwea, kisha weka tabaka nyembamba ukibadilisha pande ili bawa lisivutwe. Ganda la kila tabaka ling'olewe na lipigwe brashi ya waya kabla ya tabaka linalofuata. Ukimaliza, fukia kabari kwenye majivu makavu ipoe polepole.

Usiipandishe kwenye mashine siku hiyo. Nyufa za haidrojeni huchukua hadi saa 48 kujitokeza. Baada ya siku mbili paka mafuta ya taa kwenye mishono, yafute yakauke juu, kisha pakaza unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ufa ukionekana, uchimbe kwa grenda mpaka uishe wote, choma mafuta yaliyobaki, pasha tena, ndipo ujaze; kuufunika kwa mshono mpya juu ni kuuacha uendelee chini yake. Na yakija magogo ya matawini, yenye vifundo na nyuzi zilizosokotana, vua ala ya mabawa uweke kando, uyapasue kwa ubapa mmoja.