Mwandiko wa Kike, Mkono Uliotulia

Mjini Babati vibanda vya kuchapa na kutoa kopi vimejaa kuanzia stendi hadi sokoni. Kwa fedha kidogo unatoka na wasifu wako, mkataba wa kuuziana shamba, au kadi za mchango wa harusi. Hata hivyo, barua ya posa bado inaandikwa kwa mkono. Mshenga akishaikabidhi bahasha ndani ya kitambaa kilichotariziwa, wazee huifungua na kuisoma kwa sauti, kisha barua hupita mkono kwa mkono mpaka jikoni. Huko mashangazi huitazama kwanza kabla ya kuisoma. Wanaangalia kama mistari imenyooka, kama kuna neno lililofutwa, kama herufi zimekaa. Barua iliyochapwa ingebeba maneno yale yale, ila isingewaonyesha kwamba kuna mtu aliketi akatulia kwa ajili yao.

Ndiyo maana familia inayotaka kuposa humtafuta mtu mwenye mwandiko mzuri, na mara nyingi inachokitaka ni ule ambao watu huuita mwandiko wa kike: wa mviringo, ulio sawa, wenye mikia laini, usioikwaruza karatasi. Upande wa Maisaka yuko mwalimu mstaafu, mama aliyefundisha darasa la kwanza kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Watu humletea karatasi kutoka Bagara, kutoka Singe, hata kutoka Bonga. Nimekaa barazani kwake mara nyingi nikimtazama akiandika, na kila nikiondoka naamini zaidi kwamba huu ni ufundi kamili, wenye kanuni zake, na kwamba uzuri wake hautokani na mapambo hata kidogo.

Kabla ya kushika kalamu huifuta meza. Huweka karatasi kadhaa za kaunta buku chini ya ile atakayoiandikia, ili kalamu ipate mahali pasipo pagumu pa kukanyaga. Karatasi yenyewe haikai wima mbele yake. Huiinamisha kidogo kuelekea kushoto, na mkono wa kushoto huilalia ili isiteleze. Kalamu hukaa kati ya kidole gumba na cha shahada, ikiegemea kidole cha kati, na vidole havibani. Ukimtazama vizuri utaona kwamba vidole vinaongoza tu. Kinachosafiri kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho ni kigasha chote, kikiteleza juu ya meza bila kuinuliwa. Anapomaliza, geuza karatasi upapase nyuma yake. Hutahisi matuta. Hakuna mahali ambapo kalamu ilikandamizwa.

Anatumia kalamu ya kawaida ya bluu, ile ya plastiki angavu ambayo kampuni ya Bic ilianza kuiuza Ufaransa mwaka 1950, miaka 12 baada ya László Bíró kuomba hataza ya kalamu ya gololi. Gololi yake ina upana wa milimita 1. Uchaguzi huo una maana. Nibu ya zamani ilichora mstari mwembamba ikipanda na mnene ikishuka, na wino wenyewe ukampamba mwandishi. Gololi hutoa mstari wa unene mmoja tu. Basi anayeandika kwa kalamu ya dukani hawezi kutegemea wino umpambe. Uzuri wote utoke kwenye umbo la herufi, kwenye nafasi, na kwenye mwendo wa mkono. Habari njema ni kwamba gololi haihitaji nguvu. Inazunguka yenyewe ikiguswa kidogo, na anayeikandamiza anajichosha bure na kuuvunja mviringo.

Siku moja nilimkuta na dada anayeuza katika duka la vifaa vya shule. Alikuwa amechoka na mwandiko wake wenye kona na mikwaruzo, na alitaka wa kike ili aanze kuandika majina kwenye kadi na vyeti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Lete daftari nilione."

Ukurasa ulikuwa na juhudi nyingi. Kila i ilikuwa na moyo mdogo badala ya nukta, na mikia ya y na g ilijikunja mara mbili chini ya mstari. Mwalimu alisoma mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mioyo hii tuiondoe kwanza. Nataka kuiona herufi yenyewe." Akachukua kalamu, akaandika a moja. Kisha akaandika mstari mzima wa a, zote zimegusana, na hapo nikaelewa kwa nini watoto wake wa darasa la kwanza walitoka na mwandiko waliotoka nao.

Ukitaka kujua siri ya ukurasa wa Kiswahili, hesabu a zake. Hakuna herufi inayojirudia zaidi. Iko kwenye kwa, wa, ya, na, la; iko mwanzo wa anaandika na katikati na mwisho. Tena karibu kila neno letu linaishia kwenye vokali, kwa hiyo mstari wa Kiswahili hufungwa na a, e, i, o au u, tena na tena. Mtu aliyejifunza kwa kunakili vitabu vya Kiingereza hupoteza muda mwingi kwenye herufi asizokutana nazo kila siku. Q na x hatuna haja nazo. Lakini a iliyo wazi juu, inayofanana na u, huuchafua ukurasa mzima, na a iliyofungwa vizuri huunyoosha ukurasa mzima hata kama herufi nyingine bado zinayumba.

Mwalimu huiumba hivi. Anaanzia juu upande wa kulia, si katikati. Anarudi kushoto, anashuka, anagusa mstari wa chini, anapanda mpaka pale alipoanzia na kufunga bila kuacha mwanya. Kisha anashuka tena juu ya ukuta ule ule na kumalizia kwa mkia mfupi unaotoka kulia. Mkia huo ndio unaoleta ulaini. Usipokuwapo, neno hukatika ghafla. Ukizidi, huingia kwenye neno linalofuata. Wake huishia nusu ya kimo cha herufi, kila mara, mwisho wa kila neno, na macho ya msomaji huteleza juu yake kwenda neno la mbele. Yule dada aliambiwa aandike a hizo tu, halafu o, halafu d na g ambazo tumbo lao ni lile lile la a. Baadaye zikaja n, m na u, kwa sababu matao yao yanatakiwa yawe na upana mmoja na lile tumbo. Kwa hatua hiyo ndogo herufi saba zilikuwa zimeshakuwa familia moja.

Kisha ikaja nafasi. Hapa mwalimu alisema jambo ambalo mtu yeyote wa Babati, mji uliozungukwa na mashamba ya mahindi na mbaazi, hulielewa papo hapo: "Usipande kwa kukadiria, mwanangu. Panda kwa kamba." Kati ya neno na neno, nafasi ya o moja, kati ya herufi na herufi, nafasi inayolingana kwa macho. Herufi ndefu, k na l na h na b, zisipande zaidi ya mara mbili ya kimo cha a, na k ziangaliwe zaidi, maana Kiswahili kimejaa ku na ki na ka. Zikiwa ndefu mno, ukurasa huwa na miiba. Zikipunguzwa kidogo, mviringo wa vokali huonekana, na mwandiko mzima hulainika bila pambo lolote kuongezwa.

Nimejiuliza kwa nini sura hiyo tunaiita ya kike. Mwaka 1906 mwanasaikolojia wa Ufaransa Alfred Binet alichapisha kitabu kuhusu mwandiko. Aliwapa watu bahasha zilizoandikwa kwa mkono, wakaambiwa wataje ipi ni ya mwanamume na ipi ya mwanamke. Hata wasio wataalamu walipatia mara nyingi kuliko ambavyo kubahatisha kungewawezesha, lakini hata mtaalamu hakupatia zote. Wapo wanawake wenye mwandiko wa kona na wanaume wenye mwandiko wa mviringo. Huko Uingereza, mwalimu wa mwandiko Martin Billingsley aliandika mwaka 1618 kwamba hati ya Kirumi, yenye mviringo na iliyo rahisi kujifunza, ndiyo iliyofundishwa wanawake. Hati hiyo ilipewa jinsia na waliochagua nani afundishwe nini. Kwetu nako msichana husifiwa daftari safi tangu darasa la kwanza, na kaka yake akiandika ovyo huachwa, labda na maneno mekundu pembeni: Rekebisha mwandiko. Mkono hufuata kilichosifiwa. Kwa hiyo mwandiko wa kike unafunzwa, na kinachofunzwa kinaweza kujifunzwa na yeyote anayekipenda, akiwa na umri wowote.

Ushahidi mkubwa zaidi ninaoujua ni wa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886 anaeleza kwamba wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma, ila kuandika kuliachwa kwa wavulana. Yeye akajifundisha kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, uliotumika kama ubao, akauweka Msahafu mbele yake na kunakili herufi zake moja moja mpaka mkono ukazishika. Mwaka 1859, kaka zake walipogombana, Barghash akitaka kumpindua Sultani Majid, binti huyo wa miaka 15 ndiye aliyewaandikia barua watu wa upande wa Barghash. Njama ile ilishindwa, na yeye mwenyewe aliijutia. Lakini ninachokitazama mimi ni ule mfupa. Hakuwa na mwalimu wa kumshika mkono. Mwalimu wake alikuwa ukurasa ulioandikwa vizuri, aliourudia kwa subira. Dawa ile ile mwalimu wa Maisaka humpa kila anayemfuata: tafuta mwandiko unaoupenda, uweke mbele yako, unakili herufi moja mpaka ikae, ndipo uende kwenye nyingine.

Heshima ya ufundi huu bara nayo haikutoka mbali. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata kina mama wengi walishika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, jioni, baada ya shamba na jiko. Katika koo nyingi mwanamke wa kwanza kuandika jina lake bado anakumbukwa kwa jina. Mjukuu wake anapoandikiwa barua ya posa kwa mwandiko uliotulia, kuna kazi ya vizazi viwili au vitatu kwenye karatasi ile.

Simu imechukua sehemu kubwa ya maandishi yetu, na sioni sababu ya kuinung'unikia. Imetuachia yale mazito: posa, rambirambi, muhtasari wa kikao cha ukoo, vitabu vya kikundi cha kuweka na kukopa, jina la mtoto kwenye cheti chake. Hayo yanadai mkono unaosomeka na unaoheshimu. Yule dada wa dukani sasa anaandika kadi. Mioyo juu ya i hairudishi tena, ingawa mwalimu alimwambia kwamba sasa anaruhusiwa kupamba akitaka. Hahitaji, kwa sababu a zake zimefungwa, mikia yake inaishia mahali pamoja, na mtu yeyote anayepokea bahasha yenye jina lake lililoandikwa hivyo anajua kwamba ameheshimiwa. Anayetaka mwandiko wa namna hiyo, awe binti wa shule, kijana wa kiume au mzee, asisubiri kipaji. Akae, alegeze vidole, aandike a moja nzuri, kisha nyingine iliyo sawa nayo.