Bamia Haifunikwi

Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai hapa mtaani Membley haifai mmea unaopenda jua kali. Kwa hivyo bamia inayopikwa huku hutoka nyanda za chini, kama Kibwezi. Jirani yangu, mzaliwa wa Mombasa, haridhiki na anayoipata kibandani. Hufuata Thika Road hadi soko la City Park kule Parklands, ambako wauza mboga wamezoea wateja Wahindi wasiodanganyika. Huchagua moja moja. Anaikunja ncha: ikivunjika kwa mlio, ameichukua, ikipinda tu, anairudisha. Zile nene hazitazami, ni nyuzi tupu.

Nyumbani anaziosha zikiwa nzima, anazifuta kwa kitambaa, kisha anaziacha zikauke kabisa. Hapa ndipo wapishi wengi wenye haraka huharibikiwa. Ute wa bamia hungoja maji, na kisu kikipita penye unyevu, ubao mzima unateleza. Akishazikata, anazikaanga kwa mafuta ya moto, kidogo kidogo, mwiko ukigusa kwa nadra. Hafuniki, maana mvuke ungerudi sufuriani. Chumvi nayo husubiri, kwa kuwa huvuta maji. Rojo la vitunguu, thomu na nyanya hupikwa peke yake mpaka mafuta yajitenge. Bamia huingia mwishoni pamoja na maji ya ukwaju, na ukali wake humaliza ute uliosalia.

Nyumba ya pili, mama wa Kakamega anautaka ute huohuo. Bamia yake huikatakata ndogo ndogo na kuitia kwenye maji yanayochemka, yenye magadi kidogo au munyu wa kienyeji, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu. Ndivyo anavyopika mboga ya mrenda, na si ajabu, kwani mimea hiyo miwili ni ya ukoo mmoja. Magadi huilainisha mboga na kuufanya ute uvutike. Naye hafuniki, ila kwa sababu nyingine: povu lingemwagikia jiko.

Mimi naipa heshima zaidi sufuria ya pili, kwa kuwa ute ni rahisi kuuogopa. Kuuongoza ni kazi. Anainua mwiko, anautazama uzi unavyoshuka, anaongeza tone la maji, anainua tena. Ugali wake ni wa wimbi, mgumu makusudi. Ulio laini ungeponyoka pamoja na mboga, na mgeni angebaki kulamba vidole vitupu.