Ngazi Isiyo na Mtendaji

Buruburu ina Phase tano, na hakuna mkazi wa Phase 2 anayesubiri akomae ndipo ahamie Phase 5. Niliikumbuka hesabu hiyo sebuleni mwa nyumba moja ya Phase 3, ambako vijana wanne watengeneza programu walikuwa wameletewa na mteja fomu ya kupima ukomavu wao wa devopsi, yaani jinsi anayeandika msimbo na anayelinda seva wanavyoshirikiana. Fomu nayo ilikuwa na ngazi tano.

Umbo hilo lina ukoo. Ngazi tano mashuhuri zilitoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ambako Watts Humphrey na wenzake, kwa fedha za Wizara ya Ulinzi, walitafuta namna ya kuwapima wakandarasi wa programu. Nikiyatia majina yake Kiswahili: ya mwanzo, inayoweza kurudiwa, iliyofafanuliwa, inayosimamiwa, inayoboresha. Ya kwanza haina kitenzi. Tatu zinazofuata zimebeba ile -w- ya kutendwa: kazi inarudiwa, inafafanuliwa, inasimamiwa, wala hatuambiwi na nani. Kauli ya kutenda inasubiri kilele, na hata huko kinachoboresha ni mchakato, si binadamu aliyeamka usiku kufufua seva. Hiyo ni sarufi ya mnunuzi anayetazama kazi akiwa nje ya mlango.

Fomu ya Buruburu ilirithi kauli hiyo. “Majaribio yameotomatishwa?” Wakatia tiki, na hawakudanganya. Majaribio yao hujiendesha yenyewe. Ila moja limekuwa jekundu, yaani linafeli, tangu Machi, na wote wamezoea kulipita kama shimo la barabarani.

Mwaka 2018 Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim walichapisha kitabu Accelerate, wakaikataa ngazi ya ukomavu na kuweka vipimo vinne: toleo jipya hutoka mara ngapi, msimbo ukishahifadhiwa huchukua muda gani hadi uanze kutumika, matoleo mangapi huharibu mambo, na huduma ikianguka hurudi baada ya muda gani. Hapa umbo ni la mwenye matatu akimuuliza dereva jioni: umepiga raundi ngapi, gari limelala gereji siku ngapi? Hakuna kilele. Napendelea umbo hili, ingawa nalo halina “nani”.

Tukayajaribu maswali hayo. Matoleo hutoka kila wiki, isipokuwa mwisho wa mwezi, wateja wanapolipa; hapo hakuna anayethubutu kugusa kitu. Swali la nne likazua ubishi. Mmoja alisema huduma hurudi kwa dakika 20. Mwenzake akaguna: usiku ule stima ilipopotea, nywila ya seva ilikuwa katika laptopu moja tu, na mwenyewe yuko safarini. Walibishana hadi chai ikapoa. Fomu ya mteja ilikuwa na kisanduku kimoja kwa kila swali, kwa hiyo ile habari ya nywila ikaandikwa pembeni, kwa penseli.