Hongera MYSA, kutoka Manga

Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa Nairobi mwaka 1987 na kikaweka utaratibu ninaoupenda mno: timu hupata pointi za ligi kwa kuzoa taka mtaani, si kwa mabao tu. Mitaro ikizibuliwa, kipindupindu hukosa pa kujificha. Katika miaka ya 1990 wachezaji wakaanza kuwafundisha wenzao kuhusu Ukimwi, kijana kwa kijana, bila ile haya inayomfunga mzazi mdomo. Na mpira haukudorora: Mathare United, timu iliyotokana na MYSA, walitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Hongereni sana! Huku Manga, Nyamira, nako uwanja upo, na vijana wanaoishabikia klabu ya Shabana wamejaa. Viongozi wa vilabu vya Kisii na Nyamira, tunawaomba muanze utaratibu kama huo msimu ujao.