Kuchota Rangi Pichani: Haki kwa Nani?

Wachoraji wa kidijitali wana ubishi wa siku nyingi: je, ni haki kuchota rangi moja kwa moja kutoka kwenye picha ya rejea? Chombo cha kuchotea kimo katika programu zote kubwa za uchoraji, kuanzia Photoshop na Krita hadi ibisPaint ya kwenye simu, na alama yake ni kile kidude cha kudondoshea dawa ya macho. Ukigusa udongo ulio pichani, brashi yako hubeba rangi ileile. Wapo wanaosema huko ni kudanganya. Kwa maoni yangu kuchota ni halali. Ila rangi iliyochotwa ni maneno ya shahidi mmoja, yaani kamera, na shahidi huhojiwa kabla ya kuaminiwa. Udongo wa Kasulu na Kibondo, katika nchi ya Buha magharibi mwa Tanzania, unaonyesha kwa nini.

Mchoro ninaouchambua niliuchora kwa Krita. Ni njia ya vumbi kandokando ya Kasulu mwezi wa Julai: nyumba za tofali za kuchoma, mapaa ya bati, mama aliyesimama kivulini mwa mwembe, na kwa mbali vilima vya miombo upande wa Kibondo. Picha ya rejea niliipiga mwenyewe kwa simu, kwa ridhaa ya mama huyo.

Tuanze na udongo. Wekundu wake unatokana na oksidi za chuma zinazobaki ardhini baada ya mvua za karne nyingi kuosha madini mengine. Kiangazi vumbi lake hupanda hadi kwenye kuta na majani, kwa hiyo fremu nzima huelemea wekundu. Hapo ndipo simu inapokosea. Mfumo wake wa kusawazisha nyeupe hukisia rangi ya mwanga kutokana na kilichomo pichani. Ukikuta wekundu umetawala, huweza kudhani jua lenyewe ndilo jekundu, ukaongeza bluu ili kulirekebisha, na udongo ukapauka. Anayechota hapo kwa uaminifu wote atachora udongo wa mahali pengine.

Kisha kuna pikseli yenyewe. Kamera nyingi hutumia kichujio alichokibuni Bryce Bayer wa Kodak, kilichopewa hataza mwaka 1976. Kila kitundu cha kupokea mwanga hupima rangi moja tu: nusu ya vitundu hupima kijani, robo nyekundu, robo bluu. Rangi mbili zinazokosekana hukadiriwa kutoka kwa majirani. Baadaye picha ikihifadhiwa kwa JPEG, kwa kawaida taarifa za rangi hupunguzwa zaidi kuliko za mwangaza. Kwa hiyo pikseli moja ya vumbi ni makadirio, tena mara nyingi yenye chembechembe za zambarau au kijani ambazo jicho halikuziona kamwe. Tiba ni rahisi: weka chombo kichukue wastani wa eneo pana badala ya nukta moja.

Hata wastani huo sikuupaka ulivyo. Nilichota kwa jozi, udongo wa juani na udongo wa kivulini, nikatazama uhusiano wao. Chukua mfano wa tarakimu za kawaida, 0 hadi 255. Juani nyekundu ni 180, kijani 120, bluu 90. Kivulini ni 80, 60 na 55. Nyekundu imeanguka kwa zaidi ya nusu, bluu haikufika hata nusu. Maana yake kivuli kimepoteza jua lakini bado kinamulikwa na anga. Hilo ndilo somo lililo ndani ya picha, na lina thamani kuliko rangi zenyewe. Nikishalijua, naweza kuurudishia udongo wa juani ukolezo wake, na kivuli kikausogelea ule wekundu mzito tunaouita damu ya mzee, bila kuvunja uhusiano kati yao.

Bati lilinipa somo jingine. Pichani lilionekana la samawati, lakini lilipochotwa likatoka kijivu kitupu. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, aliieleza hali hii mwaka 1839: rangi hubadilika machoni kwa sababu ya jirani yake. Kijivu kikizungukwa na udongo mwekundu huegemea ubaridi. Mchoraji asiyechota angepaka samawati na paa lingepiga kelele. Hapa chombo kilifundisha jicho, na sioni aibu kujifunza kwacho.

Kwenye uso wa mama, hata hivyo, nilikataa kuchota. Simu ilipima mwanga wa njia iliyowaka jua, naye akabaki mweusi wa makaa, bila umbo. Ubaya huu una historia: kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Simu za leo zimeboreka, lakini bado hulazimika kuchagua kati ya njia na uso. Jicho lililokuwepo liliona udongo ukirusha joto lake chini ya kidevu na mikononi. Nilichora uso kwa kutumia picha ya pili, ambayo mwanga wake niliupimia usoni.

Sasa suala la haki. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa rangi za mafuta za makopo kutoka dukani, na hakuna anayempunguzia heshima kwa kutozitengeneza. Rangi ni mali ya wote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 hulinda picha iliyotungwa na mpigaji: pembe, mpangilio, namna ya kutumia mwanga. Kambi za wakimbizi za Nyarugusu wilayani Kasulu na Nduta wilayani Kibondo zimepigwa picha nyingi na wanahabari na mashirika. Ukichota rangi chache za ardhi kutoka humo, hujamdhulumu mtu. Ukinakili mpangilio wote pamoja na mkimbizi aliyesimama ndani yake bila idhini, umedhulumu, hata kama kila rangi umeichanganya kwa mkono.

Kwa mtazamaji, haki ni kusema kweli. Ukisema umechora kwa jicho tupu, usichote. Shindano likikataza, heshimu masharti. Mwanafunzi naye akisie rangi kwanza, aipake, ndipo achote na kulinganisha; pengo kati ya mbili hizo ndilo mwalimu wake.

Deni kubwa zaidi ni kwa mahali na mtu anayechorwa. Mchoro unaoipausha ardhi ya Buha na kumzima mama wa Kasulu kwa sababu tu simu ilisema hivyo umewakosea, hata kama umetii kila tarakimu. Chota, linganisha, kisha amua mwenyewe; na pale kamera inapopingana na ulichokiona, simamia ulichokiona.