Allison, damu yetu, na wale Waluo 30



Kila mwaka wanafunzi wa biolojia wanakariri jina la Anthony Allison. Wiki hii nimerudia makala yake ya 1954, ile ya British Medical Journal. Ni kazi kubwa, lakini sisi tunaifundisha vibaya.

Sifa zake kwanza. Allison alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akakulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu kule Kenya. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya asilimia 20 walikuwa na alama ya drepano. Juu milimani, kwenye baridi na mbu wachache, karibu hakuna. Akajiuliza: kama SS inaua watoto mbele ya kuzaa, juu ya nini jeni hii haiishe? Akaenda kupima watoto 290 karibu na Kampala. Wenye alama (AS), 12 kati ya 43 walikuwa na vijidudu vya malaria. Wasio nayo, 113 kati ya 247. Kumbe mwenye AS anapata kinga! Ile mambo ya Darwin ya viumbe kuchaguliwa ikaonekana ndani ya damu ya mutu.

Lakini kuna ukurasa unanikwamisha. Waluo 30, wanaume wazima, 15 wenye alama na 15 wasio nayo, waliambukizwa malaria kwa makusudi. Wasio na alama, 14 walishikwa. Wenye alama, 2 tu. Wanaitwa wajitolea. Hesabu inang'aa, ndiyo, na bila wao hakuna hesabu. Ila katika vitabu vya shule jina linabaki moja. La wale 30, hapana. Mwalimu anayeruka hapo amefundisha nusu.

Kosa la pili ni letu. Mara mingi utasikia mutu mwenye diploma akisema: "SS hashikwe na malaria." Uongo! Kinga ni ya AS. Mutoto wa SS, malaria inamuangusha vibaya sana. Na baba AS akioa mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa SS. Makala inaeleza sababu ya jeni kubaki. Haielezi mama atalea namna gani mutoto anayelia mifupa usiku.

Hapa Kaniama, nyumba ikizika watoto wawili, watatu, watu wanaanza kutafuta mulozi. Bibi mzee anafukuzwa, na bure, kwa sababu ya kitu ambacho tulijibu kwenye mtihani na kupata pointi.

Allison alifariki 2014. Hahitaji makofi yetu tena. Basi ukifundisha makala yake, ongeza somo moja: bwana na bibi wapime damu mbele ya ndoa. Na wewe mwenyewe, ndugu, unajua yako?